Halmashauri Inajenga, Nani Anavuna? Njia za Baiskeli za Derby, Tasmania

Derby ni kijiji cha kaskazini-mashariki mwa Tasmania, jimbo la kisiwa la Australia, kilichojibanza kando ya mto Ringarooma. Kilizaliwa na bati. Madini hayo yaligunduliwa eneo hilo katika miaka ya 1870, na ndugu wa ukoo wa Krushka walioanza kuyachimba waliuita mgodi wao Brothers' Home. Baadaye ukaitwa Briseis, jina la farasi jike aliyeshinda mbio za Melbourne Cup mwaka 1876. Wachina wengi walikuja kuchimba katika milima ile, na katika siku zake za neema Derby ilikuwa na watu wapatao elfu tatu, maduka, hoteli na shule. Aprili 1929 mvua kubwa ilivunja bwawa la mgodi, maji yakaporomoka bondeni na kuua watu 14. Mgodi ulifufuliwa baada ya muda, lakini haukurudi ulivyokuwa, na katikati ya karne ya 20 ulifungwa. Shimo lake likajaa maji na kuwa ziwa dogo.

Kilichobaki baada ya bati kilikuwa msitu. Kwa miongo kadhaa wilaya ya Dorset, ambayo Derby imo ndani yake, iliishi kwa ng'ombe wa maziwa, viazi na mbao. Kisha mbao nazo zikaanguka. Viwanda vya kupasua mbao katika mji wa Scottsdale, makao makuu ya wilaya, vilifungwa, na mwaka 2012 kampuni kubwa ya misitu ya Tasmania, Gunns, ikawekwa chini ya wafilisi. Mamia ya watu walipoteza kazi katika wilaya yenye wakazi wapatao elfu saba tu. Derby yenyewe ilikuwa imebaki na watu wasiofika mia tatu, na nyumba zake za mbao zilikuwa zikiuzwa chini ya dola laki moja za Australia, pale zilipopata mnunuzi.

Katika hali hiyo halmashauri mbili jirani, Dorset na Break O'Day, zilikubaliana kujenga njia za baiskeli za milimani. Wazo lenyewe halikuwa jipya. Huko Wales, msitu wa Coed y Brenin ulikuwa umeshapata njia za aina hiyo tangu miaka ya 1990. Rotorua, New Zealand, mji wa chemchemi za maji moto, ulikuwa umeandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani mwaka 2006 katika msitu wa Whakarewarewa ulio pembeni mwa mji. Kusini mwa Scotland kulikuwa na mtandao wa 7stanes, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakati ugonjwa wa midomo na kwato ulipokuwa umeua mifugo na kuwafukuza watalii mashambani. Mahali pengi palipojengwa njia hizi hadithi ilifanana: uchumi wa zamani umekufa, mlima bado upo, na serikali ya mahali inatafuta kitu cha kuufanyia.

Mradi wa kwanza wa Derby uligharimu takriban dola milioni 3 za Australia. Sehemu kubwa ilikuwa ruzuku ya serikali ya shirikisho, na halmashauri zikachangia kilichobaki kutoka kwenye mifuko yao. Njia zilifunguliwa mwaka 2015 kwa jina la Blue Derby, likiunganisha kijiji na uwanda wa juu wa Blue Tier ulioko upande wa Break O'Day. Leo mtandao huo una zaidi ya kilomita 120 za njia. Ukizilinganisha na gharama ya kilomita chache za barabara ya lami, fedha zile zilikuwa ndogo mno, na hapo ndipo mvuto wa miradi hii kwa madiwani ulipo: kwa bei ya daraja moja la kawaida, wilaya inapata jambo la kukata utepe na jina linalosikika nje ya nchi.

Hata hivyo urahisi huo una masharti ya kiufundi. Kijia cha baiskeli hakikatwi kuteremka mlima moja kwa moja, maana kikikatwa hivyo kitakuwa korongo baada ya misimu michache ya mvua. Hukatwa ubavuni, kikiuzunguka mlima, na mara nyingi upana wake hauzidi mita moja. Wajenzi wengi hufuata kanuni kwamba mwinuko wa wastani usizidi asilimia 10, na pia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wenyewe. Ukizidi hapo, maji huacha kukivuka kijia na kuanza kukifuata kama mfereji. Uso wa njia huinamishwa kidogo upande wa bondeni ili maji yatoke, na kila baada ya hatua kadhaa njia huinuka kidogo kisha kushuka tena, ili maji yaliyojikusanya yasipate mbio. Mwendeshaji huviona vilima hivyo vidogo kama mchezo wa kuruka. Kwa mjenzi ni mitaro.

Kazi kubwa hufanywa na ekskaveta ndogo ya tani chache inayopita palepale inapochimba. Nyuma yake hufuata watu wenye majembe na reki nzito za chuma, wakisawazisha, wakikata mizizi na kupanga mawe mahali penye tope. Kona huinuliwa ukingo ili gurudumu lipate pa kuegemea kwenye kasi. Blue Derby ilichorwa na kampuni ya World Trail, na moja ya sifa zake ni namna ilivyotumia kilichokuwepo: miamba mikubwa ya matale, mikangaga mirefu kama miti, na handaki la zamani la wachimba bati ambalo waendeshaji hulipita. Njia moja iliitwa Krushka's kwa heshima ya wale ndugu. Nyingine, Detonate, hujipenyeza katikati ya miamba miwili kwenye upenyo unaoacha nafasi ndogo tu pande zote mbili za usukani.

Njia hupewa daraja kwa rangi, utaratibu ulioazimwa kutoka miteremko ya kuteleza kwenye theluji: kijani kwa anayeanza, buluu kwa mwenye uzoefu wa wastani, nyeusi kwa aliyebobea. Uamuzi wa kiasi gani cha kila rangi kijengwe unaonekana wa kiufundi, lakini kwa halmashauri ni uamuzi wa kibiashara. Njia nyeusi huleta picha, mashindano na majina makubwa. Njia za kijani na buluu huleta familia, na familia hulala, hula na kurudi mwakani. Wilaya iliyojenga nyeusi tupu hupata sifa na wageni wachache; iliyojenga kijani tupu haina cha kumfanya mtu apande ndege. Derby ilitia uzito kwenye buluu, kisha ikaweka nyeusi za kutosha kuwavuta wenye ujuzi.

Mashindano yalikuja upesi. Aprili 2017 Derby iliandaa awamu ya Enduro World Series, mfululizo wa kimataifa ambamo waendeshaji hupimwa muda wanaposhuka sehemu maalumu za mlima. Mashindano yalirudi mwaka 2019, na tena mwaka 2023. Kijiji kilichokuwa na duka moja la kuuzia mkate kikapata waendesha baiskeli mashuhuri wa dunia wakipanga foleni ya kahawa. Baada ya hapo yakaja maduka ya kukodisha na kutengeneza baiskeli, magari yenye trela yanayopandisha waendeshaji hadi juu ya mlima, mgahawa wa piza, baa, na hata sauna inayoelea juu ya lile ziwa la mgodi. Makadirio yaliyorudiwa mara nyingi yalitaja wageni wapatao elfu 30 kwa mwaka, wengi wao wakilala usiku kadhaa Derby kabla ya kuendelea kuzunguka kisiwani.

Makadirio ya namna hiyo yanahitaji kusomwa kwa jicho kavu, si kwa Derby peke yake. Njia za wazi hazina lango wala tiketi, kwa hiyo idadi ya watu hutokana na vihesabio vya umeme vinavyofukiwa ardhini au kufungwa kwenye mti. Kihesabio huhesabu baiskeli inayopita, na mtu mmoja anayepandishwa na gari mara tano kwa siku anaweza kuwa watu watano kwenye takwimu. Mkazi wa mji wa Launceston aliyekuja asubuhi na sandwichi zake mfukoni huhesabiwa sawa na daktari wa Sydney aliyekodi nyumba kwa wiki nzima. Isitoshe, tathmini nyingi za faida huagizwa na taasisi ileile iliyoomba fedha, na huandikwa kabla fedha hazijatoka. Hakuna anayeandika tathmini ya kukatisha tamaa ili aambatishe kwenye maombi ya ruzuku.

Lakini hata tukikubali kwamba wageni ni wengi, na Derby hakuna anayebisha kwamba ni wengi, swali la halmashauri linabaki palepale: fedha zao zinaingia wapi? Mfano ni mgeni anayetoka Melbourne. Anavuka bahari kwa meli ya kampuni inayomilikiwa na serikali ya jimbo, au anapanda ndege hadi Launceston na kukodi gari uwanjani. Chakula cha wiki ananunua kwenye supamaketi ya Launceston, kwa sababu Derby bei ni kubwa na chaguo ni chache. Mafuta anajaza njiani. Nyumba ameikodi kupitia mtandao kutoka kwa mwenye nyumba anayeishi Hobart, mji mkuu wa jimbo, au bara. Akifika, analipia gari la kupandishwa mlimani, anakula piza, anakunywa bia, anabadilisha tairi lililopasuka. Njia yenyewe, ambayo ndiyo iliyomleta, ni bure.

Katika sehemu kubwa ya manunuzi hayo amelipa kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 10. Kodi hiyo hukusanywa na serikali ya shirikisho, kisha hugawiwa majimbo. Halmashauri haimo kwenye mgawo huo. Chanzo chake kikuu ni kodi ya mali isiyohamishika inayolipwa na wenye nyumba na mashamba, pamoja na ruzuku kutoka juu. Kuna fikra iliyozoeleka kwamba utalii ukipandisha thamani ya nyumba, kodi hiyo nayo itapanda na halmashauri itafidiwa. Haiendi hivyo moja kwa moja. Halmashauri kwanza huamua jumla ya fedha inazotaka kukusanya kwa mwaka, kisha hupanga kiwango kitakachoileta jumla hiyo. Thamani za nyumba zikipanda, kinachobadilika ni nani anabeba mzigo mkubwa zaidi kati ya walipaji. Matokeo yake ni kwamba bibi aliyeishi Derby maisha yake yote, asiye na baiskeli wala chumba cha kupangisha, anaweza kujikuta analipa sehemu kubwa zaidi ya bajeti ya wilaya kwa sababu jirani yake ameuza nyumba kwa bei ya mjini.

Na bei zilipanda kweli. Nyumba zilizokuwa hazifiki laki moja zilianza kuuzwa kwa mara kadhaa ya thamani hiyo, na nyingi ziligeuzwa kuwa malazi ya muda mfupi. Hapo likazuka tatizo ambalo wapangaji wa mwanzo hawakulizungumza sana: mpishi wa mgahawa, fundi wa baiskeli na dereva wa gari la kupandisha watu hawana pa kupanga. Waajiri wa Derby wanatafuta wafanyakazi, wafanyakazi wanatafuta vyumba, na vyumba viko kwenye mtandao vikisubiri wageni wa wikiendi.

Mbinu za kuifidia halmashauri pengo lake la mapato zinatofautiana, na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni kutoza kiingilio. Huko Maydena, kusini mwa Tasmania, bustani ya baiskeli iliyofunguliwa mwaka 2018 na wawekezaji binafsi hufanya hivyo: mgeni hulipia tiketi na usafiri wa kupanda, na mwenye njia ndiye mwenye mapato. Kenya nako, mgeni anayetaka kuendesha baiskeli ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate hulipa kiingilio langoni. Lakini lango linawezekana penye mlango mmoja. Derby njia zinaanzia kijijini, zinavuka ardhi ya umma na kutokea porini upande wa pili. Kuzizungushia uzio kungegharimu zaidi kuliko kiingilio ambacho kingepatikana. Vilevile tiketi huondoa hoja iliyotumiwa kuombea fedha za umma, kwamba njia ni za wote. Uamuzi wa kuacha njia wazi hufanywa siku ya kwanza, kwenye michoro, na ni vigumu kuugeuza baadaye.

Ya pili ni uanachama. Kingdom Trails, shirika lisilo la faida la jimbo la Vermont, Marekani, huuza vibali vya siku na vya mwaka kwa ajili ya njia zinazopita kwenye ardhi ya makumi ya wamiliki binafsi waliotoa ruhusa bila malipo. Mfumo huo ulifanya kazi vizuri hadi wageni wakazidi. Desemba 2019 wamiliki watatu waliwazuia waendesha baiskeli kwenye ardhi yao, na mtandao ukakatika katikati, kwenye sehemu zake zilizopendwa sana. Fedha zilikuwepo, uvumilivu wa majirani ndio uliokwisha.

Ya tatu ni mfadhili tajiri. Bentonville, Arkansas, mji ambao sasa hujinadi kuwa makao makuu ya dunia ya baiskeli za milimani, umejengewa mtandao wake kwa msaada mkubwa wa mfuko wa familia ya Walton, warithi wa maduka ya Walmart yenye makao yake hapohapo. Maofisa wa miji midogo hutembelea Bentonville, hupiga picha na kurudi nyumbani na ripoti. Jambo ambalo hawawezi kurudi nalo ni ukoo wa mabilionea wanaopenda baiskeli.

Wilaya zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, hutegemea bajeti ya umma mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo tofauti kati ya kujenga na kutunza inapouma. Ruzuku za serikali kuu hutolewa kwa ujenzi. Huwa na tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na jiwe la msingi. Utunzaji hauna ruzuku. Kijia kinachopitiwa na maelfu ya magurudumu hulegea kwenye breki, yaani mahali ambapo kila mtu hufunga breki kabla ya kona, na hapo huanza mawimbi madogo ya udongo yanayokua hadi kutikisa mikono. Miti huanguka. Madaraja ya mbao huoza. Alama huibwa au hufifia. Kila mwaka kundi la wafanyakazi linatakiwa kupita kilomita zote, na jembe la kwanza linapofika mwisho wa mtandao, mwanzo wake umeshaharibika. Juu ya hayo kuna bima, maana mmiliki wa njia anaweza kudaiwa mtu akivunjika, na kuna maegesho, vyoo, taka na barabara.

Wales inaonyesha mwisho wa mstari huo. Coed y Brenin, msitu uliowafundisha Waingereza maana ya kituo cha njia za baiskeli, uko chini ya chombo cha serikali ya Wales kinachosimamia maliasili. Mwishoni mwa Machi 2025, kwa sababu ya upungufu wa fedha, chombo hicho kilifunga huduma za mgahawa na duka kwenye vituo vyake vya wageni, Coed y Brenin kikiwemo. Njia zilibaki wazi. Lakini mahali ambapo mgeni angetumia fedha zake palifungwa, jambo ambalo ni la ajabu kwa mradi uliojengwa ili mgeni atumie fedha zake.

Gharama nyingine haionekani kwenye hesabu za halmashauri kabisa, kwa kuwa hubebwa na wengine. Hospitali ndogo ya karibu na Derby iko Scottsdale, zaidi ya nusu saa kwa gari; hospitali kubwa iko Launceston, mwendo wa zaidi ya saa moja kwenye barabara yenye kona. Kumtoa mtu aliyevunjika mfupa wa mtulinga kutoka ubavuni mwa mlima ni kazi ya watu kadhaa na saa kadhaa, na kwenye maeneo ya namna hii baadhi yao huwa ni watu wa kujitolea walioacha shughuli zao.

Halafu kuna msitu wenyewe. Ardhi inayozunguka Derby kwa sehemu ni msitu wa serikali uliotengwa kwa ajili ya uvunaji wa mbao, na shirika la serikali la misitu halikuacha mipango yake kwa sababu baiskeli zimekuja. Vitalu vilivyopangwa kukatwa karibu na njia, hasa karibu na Krushka's, vilizusha upinzani, na kundi la wanaharakati liitwalo Blue Derby Wild liliandaa maandamano msituni na kulipeleka suala hilo mahakamani. Mgogoro huu una upande wa kushangaza. Njia zilijengwa ili kuziba pengo lililoachwa na mbao, na sasa wafanyabiashara wa utalii wanahitaji miti isimame huku wakazi wengine wa wilaya ileile wakiendelea kula kwa miti ikianguka. Halmashauri, iliyochaguliwa na pande zote mbili, haina mamlaka juu ya msitu huo. Iliwekeza kwenye mandhari isiyoimiliki.

Rotorua ilikuwa na bahati ya mpangilio ulio wazi zaidi. Msitu wa Whakarewarewa uko kwenye ardhi iliyorudishwa kwa makabila ya Maori katika makubaliano ya madai ya ardhi ya mwaka 2008, na njia zinaendeshwa kwa maelewano kati ya wenye ardhi, kampuni ya misitu, halmashauri na klabu ya baiskeli. Miti hukatwa pale pia, na njia hufungwa na kuhamishwa inapobidi, lakini kila mtu anajua ni nani wa kuulizwa. Kwa upande mwingine, halmashauri ya Yarra Ranges karibu na Melbourne ilipopanga mtandao mkubwa huko Warburton, ilitakiwa kwanza kuandaa tathmini kamili ya athari za mazingira, kwa sababu ya msitu wa mvua wa eneo hilo na mdudu adimu wa mlima Donna Buang asiye na mabawa. Serikali ya jimbo la Victoria ilikubali sehemu ya mradi na kukataa njia iliyopita kwenye hifadhi ya taifa, ambayo ilikuwa miongoni mwa zilizotegemewa kuuza mradi mzima. Miaka ilipita na gharama zikapanda kabla jembe halijagusa udongo.

Nyuma ya Derby kulifuata msururu. Break O'Day ilifungua mtandao wake wa St Helens mwishoni mwa 2019, ukiwa na njia ya kilomita 42 inayoshuka kutoka Blue Tier hadi ufukwe wa Bay of Fires, kutoka msitu wa mvua hadi mchanga mweupe bila kukanyaga lami kwa muda mrefu. Halmashauri za Kentish na Latrobe zikajenga Wild Mersey. George Town ikajenga zake kwenye mdomo wa mto Tamar. Pwani ya magharibi, Queenstown, mji wa shaba ambao mgodi wake ulisimama mwaka 2014, ukapata njia kwenye mlima Owen uliobaki kipara kwa moshi wa tanuri za karne iliyopita. Kisiwa chenye watu wasiozidi laki sita kikawa na mitandao ya umma kila pembe.

Kwa mwendeshaji hii ni neema. Kwa jimbo zima pia inaweza kuwa faida, maana mgeni aliyekusudia siku nne anakaa kumi. Kwa halmashauri moja moja hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa mgeni yuleyule sasa anagawa siku zake. Mtandao wa kwanza huleta watu ambao wasingekuja kisiwani. Wa sita huenda unawahamisha tu kutoka kwenye ule wa kwanza, na bado unadai bajeti yake ya utunzaji yote kamili. Ruzuku za serikali kuu huuchochea mwenendo huu, kwa sababu kila wilaya inaomba peke yake na kila ombi hupimwa kana kwamba jirani hana kitu. Kufungwa kwa mipaka ya Tasmania mwaka 2020 kwa ajili ya korona kulifunua jambo lingine: wenyeji wa kisiwa walijaza njia wikiendi, lakini siku za katikati ya wiki vitanda vilibaki vitupu.

Chombo ambacho halmashauri nyingi zinakitaka ni ushuru wa kitanda, yaani kiasi kidogo anacholipa mgeni kwa kila usiku, kinachoingia moja kwa moja kwenye mfuko wa wilaya. Msomaji wa Tanzania anaujua ushuru wa nyumba za kulala wageni unaokusanywa na halmashauri. Kwa diwani wa Dorset hilo ni jambo la kutamani tu. Huko Queenstown ya New Zealand, mji mwingine ulioelemewa na watalii wa milimani, wakazi walipiga kura mwaka 2019 na kuunga mkono ushuru huo kwa wingi mkubwa, lakini kura haikutosha kwa kuwa sheria ya kuuruhusu hutungwa na bunge la taifa. Scotland ilitunga sheria yake mwaka 2024, ikizipa halmashauri hiari ya kutoza asilimia ya bei ya malazi na kutumia mapato hayo kwa huduma zinazotumiwa na wageni. Wales ikafuata mwaka 2025. Halmashauri zinazopakana na njia za 7stanes sasa zinaweza, zikiamua, kumtoza anayelala kwenye nyumba ya wageni ya mji wa Peebles kwa ajili ya vyoo, maegesho na barabara anazotumia akienda kwenye njia za msitu wa Glentress, na wenye nyumba hizo za wageni wanaweza kuhofia kwamba watu watalala upande wa pili wa mpaka, England, na kuvuka asubuhi na baiskeli zao.